Lokomotivu Moja, Nguo Tatu



Mwezi huu tuzungumze juu ya watu wazima wenye kucheza na treni. Usicheke kwanza. Huko Marekani na Ulaya kuna baba za watu wenye kukusanya lokomotivu ndogo za mazutu na kuzipaka rangi wao wenyewe. Kipimo kinachopendwa sana kinaitwa HO: kila kitu kimepunguzwa mara 87. Lokomotivu ya GP9, ambayo General Motors ilianza kuitengeneza mwaka wa 1954, ina urefu wa meta 17. Ndogo yake inapata sentimeta 20 hivi. Inakaa vizuri juu ya meza.

Utauliza: kiwanda kinaiuza na rangi yake tayari, sababu gani kuipaka tena? Sikia. Mara nyingi lokomotivu inaishi kuliko kampuni yake. GP9 za Pennsylvania Railroad zilivaa kijani cha giza, karibu nyeusi. Mwaka wa 1968 kampuni ile iliungana na New York Central, ikawa Penn Central: rangi nyeusi. Mwaka wa 1970 Penn Central ikafilisika. Mwaka wa 1976 Conrail ikachukua kazi: rangi ya buluu. Mashini ni ile ile, nguo tatu. Kiwanda hakitengenezi kila nguo na kila namba. Basi mtu ambaye baba yake aliendesha mashini fulani, akitaka kuiona tena, ataipaka mwenyewe.

Kazi hii inaomba uvumilivu. Anatoa kifuniko cha plastiki, anaweka mota pembeni. Analowesha kifuniko ndani ya alkoli, anasugua rangi ya kiwanda na brosi ya meno, anaosha na sabuni, anaacha kikauke. Kisha anapuliza rangi ya msingi, nyembamba tu. Rangi nyeupe na ya njano zinakuja mbele ya zile za giza. Pale penye hapatakiwi rangi anafunika na utepe. Mbele ya kubandika maandishi anapaka vernisi yenye kung'aa, ili yashike vizuri. Mwisho ni vernisi isiyong'aa na vumbi kidogo ya rangi ya kutu, maana lokomotivu ya kazi haiwi safi kama sahani ya wageni. Na wakati wote madirisha ni wazi, pua imefunikwa: hewa ya rangi inaharibu mapafu.

Wauzaji watamwambia, "Umeharibu bei yake!" Ni kweli, wakusanyaji wengi wanalipa zaidi ile yenye haijaguswa, ndani ya karatoni yake. Lakini yeye hakuipaka juu ya kuuza.

Sasa sisi. Reli yetu pia imebadilisha majina: BCK, KDL, SNCZ mwaka wa 1974, leo SNCC. Na watoto wetu wanajua kutengeneza motokari za waya na makopo. Kijana mmoja wa kanisa letu alitengeneza lokomotivu ya makopo ya maziwa, akaipaka rangi. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli akaigeuza-geuza mkononi, akasema, "Mwanangu, ule mstari ulipita chini ya dirisha, si juu." Kijana akafuta, akapaka tena. Mzee yule hakuwa na mazoea ya kuzungumza na vijana. Siku hizi yeye mwenyewe anawaita.

Kijana, si lazima ununue kitu. Chukua daftari, nenda kwa mzee mmoja wa reli karibu nawe, muulize: rangi gani? namba gani? mstari ulipita wapi? Andika. Wazee wanatuacha kila mwaka, na mambo mengi ya namna hii yanabaki vichwani mwao tu.

Na wewe mzazi, ukimwona mtoto amekuja na rangi mikononi, usimfokee mbele ya kuuliza alikuwa anatengeneza nini.

Tuonane mwezi ujao.