Jina Pekee Halitoshi

Kuna mazoea yaliyoota mizizi miongoni mwetu tunaoshughulikia istilahi za Kiswahili. Likija neno geni la sayansi, tunashindana kulitafutia jina, na jina likishapatikana tunapumua kana kwamba kazi imekwisha. Mimi nashikilia kwamba hapo ndipo kazi inapoanza.

Tuchukue mfano wa vitu ambavyo madaktari huvikutanisha na mwili wa binadamu ili kuutibu: lenzi inayotiwa jichoni baada ya mtoto wa jicho kuondolewa, vali ya moyo, nyonga bandia, uzi wa kushonea jeraha, utando wa kuchujia damu ya mgonjwa wa figo. Wanasayansi wameviweka vyote katika kundi moja. Tuliiteje?

Tukisema 'nyenzo za kibiolojia', msikilizaji atadhani ni vitu vitokanavyo na viumbe, kama mbao na pamba, ilhali titani ni metali na lenzi ni plastiki. Tukisema 'vipandikizi', tutauacha nje utando wa kuchujia damu, ambao haupandikizwi popote. Mimi nachagua 'bayomata', kwa kuwa neno mata limekwisha kuzoeleka katika masomo ya fizikia. Atakayenikumbusha kwamba mata pia ni wingi wa uta, silaha ya wahenga, hatakuwa amekosea. Lakini hiyo ndiyo hoja yangu: jina huonyesha njia tu, mzigo wa maana hubebwa na fasili.

Wenye taaluma hii wenyewe walichelewa kulitambua hilo. Harold Ridley, daktari wa macho wa London, alikuwa amebaini kwamba vipande vya plastiki ya ndege za kivita vilivyowaingia marubani machoni havikuleta madhara yaliyotarajiwa. Mwaka 1949 akamtilia mgonjwa lenzi ya plastiki ya namna hiyo. Hata hivyo, ilikuwa hadi mwaka 1986 ndipo wataalamu walipokutana mjini Chester, Uingereza, kuafikiana juu ya fasili. Walikubaliana kwamba bayomata ni mata isiyo hai, itumiwayo katika kifaa cha tiba, na iliyokusudiwa kuingiliana na mifumo ya viumbe. Msomaji atambue kwamba fasili hiyo haiulizi kitu kimetoka wapi, bali kinafanya nini. Baadaye sayansi ikaanza kuunganisha mata na seli hai, na mwaka 2018 wataalamu wakakutana tena Chengdu, China, kuzipima upya fasili zao. Fasili basi huzeeka, na yafaa iandikwe pamoja na mwaka wake.

Mkutano wa Chester uliacha funzo jingine. Ulieleza kuwa utangamano wa mata na mwili hupimwa kwa kazi maalumu, wala si sifa ambayo mata huwa nayo popote iendapo. Aloi ya kobalti na kromi imetumika kwa miongo mingi katika nyonga bandia, ikisuguana na plastiki, na wagonjwa wakatembea. Iliposuguanishwa na metali mwenzake, baadhi ya nyonga zilitoa chembechembe zilizoharibu nyama za mwili, na mwaka 2010 aina moja ya nyonga hizo ikaondolewa sokoni duniani. Kwa hiyo, kamusi inayosema tu kwamba aloi hiyo 'ni salama kwa mwili' inampotosha msomaji.

Ndiyo sababu orodha ya maneno iliyopangwa kwa alfabeti haitutoshi. Kila kidahizo kiwe na maelezo yanayojibu maswali yale yale: Mata hii inatokana na nini? Inafanya kazi gani, na mahali gani mwilini? Mwili huipokeaje? Hudumu au huyeyuka? Ni nani aliyeyasema hayo, na mwaka gani?

Swali la kwanza si dogo. Zipo vali za moyo zitokanazo na nguruwe, na nyingine hutengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe. Mgonjwa Mwislamu, au Mhindu, ana haki ya kulijua hilo kabla ya kutia sahihi. Ama uzi wa kale wa kushonea, ambao Kiingereza huuita utumbo wa paka, hutokana na utumbo wa kondoo au ng'ombe. Jina lake lingempotosha yeyote anayelitegemea peke yake. Nao uzi wa hariri huorodheshwa miongoni mwa nyuzi zisizoyeyuka, ingawa mwilini hudhoofika kadiri miezi inavyopita. Yote haya jina halisemi.

Najua atatokea wa kuniuliza: madaktari wetu husoma kwa Kiingereza, kazi hii ni ya nani? Ni ya mgonjwa anayeletewa fomu ya idhini asiyoielewa. Ni ya muuguzi anayeombwa kuifafanua papo hapo. Kifungu cha 7 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Urasmi unaokomea mlangoni pa chumba cha upasuaji ni urasmi wa karatasi.

Hatuanzi na mikono mitupu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1990, ilithibitisha kwamba sayansi haikisumbui Kiswahili. Kilichobaki ni mwalimu wa Kiswahili kuketi meza moja na mwenzake wa biolojia, nazo idara za lugha vyuoni kuketi na vitivo vya tiba. Waanze na bayomata kumi tu. Wanafunzi nao waulizane maswali yale, na palipo na jibu lenye utata wasiridhike na jina zuri.