Hila tano kutoka kitabu cha mazingaombwe, na moja ninayoijutia

Najua nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Kazi ilinikalia shingoni, na juu ya hayo stima zimekuwa zikipotea hapa Kinoo jioni, saa ile ile mtu anapotaka kukaa aandike. Jumamosi iliyopita zilipotea tena, na watoto wa dada yangu walikuwa wamenitembelea. Hakuna televisheni, simu zimebaki chaji kidogo. Ikabidi nitoe kile kitabu.

Ni kitabu cha mazingaombwe cha watu wanaoanza. Nilikinunua mwaka wa 2003 kwa shilingi 50 kwenye inama bookshop, yaani wale wauzaji wanaotandaza vitabu kando ya barabara katikati ya Nairobi, hadi uiname ndipo uone. Hakikuwa na jalada, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeliwa na panya, kwa hivyo hadi leo simjui aliyekiandika. Lakini naweza kusema bila aibu kwamba kilinifunza kazi hii ya programu kabla sijagusa kompyuta. Kilinifunza pia jinsi watu wanavyoibiwa, na hilo ndilo ninalotaka tuzungumze leo.

Hizi hapa hila zangu tano. Nitaeleza siri zote, halafu mwishoni niwajibu wale watakaosema siri haifichuliwi.

1. Karata 21

Hii kila mtoto wa mtaani ameiona. Unahesabu karata 21, mtu anachagua moja moyoni bila kukuambia. Unazigawa wazi katika mistari mitatu, karata moja moja kwa kila mstari kwa zamu, hadi kila mstari una 7. Anakuonyesha mstari ulio na karata yake. Unaokota mistari yote mitatu ukiuweka ule wake katikati. Unarudia hivyo mara tatu kwa jumla. Sasa hesabu kutoka juu: ya 11 ndiyo yake.

Hakuna wepesi wa vidole hapa. Mara ya kwanza umebakisha karata 7 zinazoweza kuwa yake. Ukizigawa tena, hizo 7 zinatawanyika mbili au tatu kwa kila mstari. Mara ya tatu inabaki moja tu, na kwa kuwa umeiweka katikati kila mara, haina pengine pa kwenda isipokuwa katikati kabisa. Mwanahisabati Mfaransa Joseph Gergonne aliichambua hila ya aina hii mapema katika karne ya 19, akitumia karata 27, ambazo ni 3 mara 3 mara 3. Wenzangu wa programu, si mmeona? Huko ni kutafuta kitu kwa kugawanya. Nilipofundishwa jambo hilo darasani miaka mingi baadaye, mwalimu aliona natabasamu peke yangu akadhani namcheka.

2. Kadi sita za umri

Unakata kadi sita kutoka kwenye kalenda ya zamani. Kila moja ina nambari 32, zote kati ya 1 na 63. Unamwambia mtu afikirie umri wake, akupe kadi zote ambazo umri huo umo. Bila kusoma zaidi, unajumlisha nambari ya kwanza ya kila kadi aliyokupa. Nambari hizo za kwanza ni 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Mtu wa miaka 41 atakupa kadi zinazoanza na 1, 8 na 32. Jumlisha mwenyewe.

Yule mdogo wa dada yangu aliniuliza, "Anko, umejuaje?" Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyeniambia." Hakuniamini. Lakini ndiyo kweli: kwa kila kadi alijibu ndiyo au la, na ndiyo sita au la sita zinatosha kumtofautisha mtu mmoja kati ya 63. Kompyuta haina uchawi mwingine zaidi ya huo. Na ukifikiri kidogo utaogopa, maana ni maswali mangapi ya ndiyo au la unayojibu kwenye simu yako kwa siku moja?

3. Sarafu inayoruka

Unashika sarafu kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto. Mkono wa kulia unakuja kana kwamba unaichukua, lakini wewe unaiacha iangukie kiganja cha kushoto. Kisha unafunga ngumi ya kulia, unainua, na (hapa ndipo kuna kazi) wewe mwenyewe unaitazama ngumi hiyo ya kulia. Kitabu kilisisitiza hilo: macho ya watu hayafuati mkono wako, yanafuata macho yako.

Sasa fikiria ule ujumbe ambao karibu kila Mkenya mwenye simu ameupata. Umeandikwa kama wa M-Pesa: umepokea shilingi elfu kadhaa kutoka kwa fulani. Kabla hujamaliza kusoma, simu inalia. Mtu analia: "Nimetuma kimakosa, mtoto yuko hospitali, tafadhali nirudishie." Kilio chake ndicho ile ngumi ya kulia. Mkono wa kushoto ni ujumbe wenyewe, ambao umetoka kwa nambari ya kawaida ya simu, na salio lako ambalo halijaongezeka hata senti. Aliyetuma pesa kimakosa kweli kwenye M-Pesa hutuma ule ujumbe wake kwa 456 kuomba zirudishwe. Hana haja ya kukulilia wewe.

4. Karata tatu, au pata potea

Kitabu kiliieleza kama mchezo wa sebuleni. Mjomba wangu aliijua kwa njia nyingine.

Mchezeshaji ana karata tatu, moja ni malkia. Anazilaza, anazichanganya polepole mbele yako, wewe unaweka pesa mahali unapoamini malkia yupo. Siri ni hii: katika mkono mmoja ameshika karata mbili, moja juu ya nyingine, na malkia ndiye wa chini. Unaamini ameiangusha ya chini, kumbe ameangusha ya juu. Tangu hapo jicho lako linaifuata kwa makini karata isiyo yenyewe. Ukiwa makini zaidi, ndivyo unavyopotea vizuri zaidi.

Lakini vidole ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni wale watu wanne waliosimama pale wakishinda. Ni wenzake. Mmoja atakunja pembe ya malkia kidogo wakati mchezeshaji "ameangalia kando", akukonyeze. Unaweka pesa zote kwenye pembe iliyokunjwa, na unakuta pembe ile imenyooshwa ikakunjwa ya karata nyingine. Hutalalamika, kwa sababu wewe pia ulikuwa unaiba.

Mjomba alipoteza karo ya binamu yangu ya muhula mzima karibu na stendi, kwa muda usiozidi dakika kumi. Alirudi nyumbani akasema ameibiwa na wezi wenye visu. Ukweli aliniambia mimi peke yangu, miaka baadaye, siku nilipomwonyesha ukurasa ule. Aliushika ule mchoro akautazama muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hivyo hata wale walioshinda?" Nikamwambia, hata wale. Kilichomuuma zaidi kwa miaka yote hiyo hakikuwa pesa. Alidhani yeye ndiye mjinga peke yake kati ya watu watano.

Ukipanda matatu pale mjini kuja huku Waiyaki Way, mara nyingine utaona vijana wamekaa ndani, gari linaonekana limebakisha abiria wawili tu. Unaingia haraka. Vijana wanashuka mmoja mmoja. Hilo nalo ni pata potea, tofauti ni kwamba unapoteza nusu saa badala ya karo.

5. Chaguo lisilo chaguo

Hii ndiyo niipendayo kuliko zote, na ndiyo iliyonitia aibu.

Weka mezani sarafu ya shilingi 10 na ya shilingi 20. Kabla ya hapo andika kwenye karatasi "utabaki na ya 20" na uifunike kwa kikombe. Mwambie mtu, "Gusa moja." Akigusa ya 20, mwambie, "Sawa, hiyo ni yako," na uondoe ya 10. Akigusa ya 10, mwambie, "Sawa, hiyo tunaiondoa." Vyovyote vile amebaki na ya 20. Ataapa mbele ya watu kwamba alichagua mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi na kampuni ambayo sitaitaja. Ilikuwa programu ya mikopo midogo ya simu. Niliombwa niandike ukurasa wa mwisho kabla ya mkopo kutoka. Kitufe cha "Endelea" kiwe kikubwa na cha kijani. Ada ya huduma fulani ya ziada, shilingi 30 kila mkopo, iwe imekubaliwa tayari, na mahali pa kuikataa pawe chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu. Niliandika. Tena niliandika vizuri, nikajisifu moyoni kwamba ni ile ile hila ya sarafu mbili.

Mwezi uliofuata nilishuka 87 kununua sukuma wiki. Mama mboga wangu akaniambia, "Kijana yangu, si wewe ni wa kompyuta? Hebu niangalilie, hii simu inanikata thelathini kila nikikopa na sijui ni za nini." Nikachukua simu. Ulikuwa ukurasa wangu. Yeye hukopa karibu kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, analipa jioni. Piga hesabu.

Nilimwonyesha pale pa kukatalia. Nilikwenda kwa wakubwa kuomba tubadilishe, wakaniambia nambari ni nzuri, tusiguse. Ningependa kuwaambia kwamba niliacha kazi siku hiyo, lakini nilikaa miezi mitatu zaidi, maana kodi ya nyumba hailipwi kwa dhamiri. Na mama mboga sikumwambia kwamba ni mimi niliyeuandika.

Sasa maoni yangu

Kuna watakaosema: mwanamazingaombwe hafichui siri, unaharibu mchezo. Mimi naona kinyume. Mwaka wa 1584 Mwingereza Reginald Scot alitoa kitabu kiitwacho The Discoverie of Witchcraft, akaeleza wazi hila za karata na sarafu, kwa sababu watu walikuwa wanauawa kwa kusingiziwa uchawi. Alitaka wajue kwamba yanayoonekana maajabu yana maelezo. Sisi hatuna haki ya kuwacheka watu wa zamani hizo, maana mwaka wa 2008 huko Kisii wazee walichomwa moto kwa madai yale yale. Siri ya hila ikijulikana, mtu anaokoka.

Mwanamazingaombwe ana heshima yake. Anakuambia mapema kwamba atakudanganya, unakubali, na mwisho anakurudishia sarafu yako. Mchezeshaji wa pata potea ana vidole vile vile na ujuzi ule ule, lakini hayo matatu hana. Sisi waandishi wa programu tuko wapi kati ya hao wawili? Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inasema ridhaa ya mtu lazima iwe ya wazi, ya hiari na ya mtu anayefahamu anachokubali. Kwa maneno mengine, "gusa moja" haitoshi. Lakini sheria haikai mezani saa nne usiku ukiandika ukurasa. Unakaa wewe.

Kwa hivyo siku hizi nina swali moja ninalojiuliza kabla sijamaliza ukurasa wowote. Je, ninaweza kukaa kando ya anayeutumia nikamweleza kila kitu nilichofanya na kwa nini? Nikiona siwezi, nafuta. Nimepoteza kazi mbili kwa swali hilo, na si kazi ndogo.

Nadhani pia watoto wetu wafundishwe hila hizi shuleni, pamoja na hesabu. Mtoto aliyefanya hila ya sarafu mbili kwa mikono yake atakitambua kitufe cha kijani akikiona.

Mama mboga nilimwambia mwaka huu, hatimaye. Nilitarajia anifukuze. Alinyamaza kidogo, akafunga sukuma zangu, kisha akauliza kama hii programu mpya aliyo nayo sasa pia ni mimi. Nikasema hapana. Akanipa simu. "Basi angalia," akasema. Niliangalia. Ilikuwapo, chini kabisa, herufi za kijivu.

Haya, stima zimerudi. Nawe kama una hila uipendayo, niandikie. Ila ueleze na siri yake.