Tamko kwa Wananchi wa Kidete Kuhusu Silaha Zinazookotwa

Sisi wakulima, wafugaji na wachuuzi wa Kidete, wilayani Kilosa, kupitia umoja wetu, tunatoa tamko hili kwa wananchi wenzetu, kwa viongozi wa vijiji na kwa Jeshi la Polisi. Msimamo wetu ni kwamba bunduki, risasi au chochote kinachofanana na bomu kikikutwa shambani, mtoni, malishoni au kando ya reli, kisiguswe, na aliyekiona atoe taarifa siku hiyo hiyo bila hofu.

Tunaanza na watoto, maana wao ndio waokotaji. Tarehe 8 Novemba 2017, bomu la kutupa kwa mkono lililookotwa na mwanafunzi lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara. Wanafunzi 5 walifariki na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Ilielezwa kuwa mtoto alidhani ameokota chuma chakavu cha kuuza. Hapa kwetu pia watoto wanajua kwamba chuma kina bei. Kwa hiyo tunawataka wanunuzi wa chuma chakavu wakatae kupima kitu cha namna hiyo, na wasimrudishe nacho mtoto nyumbani. Kiachwe kilipo, watu wasogezwe mbali, na polisi waitwe.

Wapo watakaosema Ngara iko mpakani, jirani na nchi zilizopigana vita, na Kidete haihusiki. Wanasahau. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza, yakiwa na askari wengi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali Van Deventer, yalishuka kutoka Mpwapwa yakifuata reli na kupambana na Wajerumani hapa Kidete kabla ya kuiteka Kilosa. Hatusemi kila jembe litagonga risasi. Tunasema kutu haiui baruti, na mto wetu una tabia ya kufukua. Walioshuhudia mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyobomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, wanajua maji yanaweza kuhamisha nini.

Hata hivyo, kinachoweza kukutwa kwa urahisi zaidi ni gobore lililofichwa kichakani na jangili, au bunduki halali iliyompotea mwenyewe. Gobore ni la hatari ya pekee, kwa kuwa likishashindiliwa huwezi kujua kwa kulitazama tu. Asitokee kijana wa kulijaribu, wala mzee aliyewahi kuwa mgambo wa kulifungua ili aonyeshe ujuzi. Mmoja abaki kwa mbali akizuia watu na mifugo, mwingine apige 112 au akamwone mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji au polisi kata. Kiongozi akipewa taarifa, kazi yake ni kuifikisha polisi; asiende kuichukua silaha na kuifungia kabatini ofisini. Picha za kurusha kwenye makundi ya simu zisipigwe, maana zitamfikia mwizi kabla ya askari. Na silaha isifutwe udongo: alama za vidole na namba iliyochongwa kwenye chuma ndizo zitakazoonyesha ilitoka wapi na ilitumika kwa nini.

Tunajua kinachowafunga watu midomo. Ni hofu ya kwamba ukienda kituoni kama shahidi utalala mahabusu kama mtuhumiwa. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kumiliki silaha bila leseni, na mashtaka yake huunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi. Ndiyo maana tunasisitiza kutogusa na kutochelewa. Anayeondoka nayo ili "aifikirie kwanza" hadi wiki ijayo amejitia mwenyewe matatani. Umoja wa Afrika umetenga Septemba ya kila mwaka, hadi 2030, kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, na serikali yetu imewahi kutangaza msamaha wa aina hiyo. Mwenye silaha aliyoificha autumie. Aliyeiona leo njiani asiusubiri.

Kuna pia wanaonong'ona kwamba silaha ya kuokota ibaki kijijini kwa ajili ya kujilinda. Wilaya hii ilizika watu 38 waliouawa Rudewa Mbuyuni Desemba 2000 katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Umoja wetu una pande zote mbili, na hakuna upande utakaotunza bunduki kwa jina letu.

Kwa Jeshi la Polisi tunaomba mambo mawili. Mtoa taarifa aandikwe kama mtoa taarifa, apewe namba ya RB na aruhusiwe kurudi nyumbani, akihitajika aitwe. Pili, askari wafike hata kama kitu chenyewe kimeonekana mbali na barabara, msimu wa mvua, ambapo pikipiki haipiti. Tukiambiwa tukibebe wenyewe hadi kituoni, tutakataa, na tunataka ieleweke kuwa kukataa huko si ukaidi.

Viongozi wa umoja watalisoma tamko hili kwenye mikutano ya vijiji, na wataambatana na mwanachama yeyote anayeogopa kwenda kituoni peke yake.

Limetolewa Kidete na Mwenyekiti na Katibu, kwa niaba ya wanachama.