Amana ya Mpasha Khabari



Mtu akitaka kuweka fedha kwa jirani yake, kwanza humchagua jirani. Huuliza sifa zake, hutazama mwenendo wake, na pengine hutaka mashahidi wawili. Lakini mtu huyo huyo, jioni ikiingia, huzipokea khabari za dunia nzima kutoka kwa mtu asiyemjua, wala hamwulizi: Khabari hii umeipata wapi? Na khabari ni amana kama fedha; pengine ni nzito zaidi, kwani fedha ikipotea hulipwa, lakini sifa ya mtu ikiharibiwa kwa khabari ya uwongo ni shida kurejea ilivyokuwa. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya mtu mmoja aliyeishi kwa kupasha khabari katika televisheni, na ambaye uzeeni alikaa akaipima kazi yake, akasema mema yake na kasoro zake.

Mtu huyo ni Walter Cronkite, Mmarekani. Alizaliwa mwaka 1916 katika mji wa St. Joseph, jimbo la Missouri, akafa New York mwaka 2009, umri wake miaka 92. Tangu Aprili 1962 hata Machi 1981 ndiye aliyekuwa mtangazaji wa taarifa ya khabari ya jioni ya kampuni ya CBS. Wala hakuwa msomaji tu wa maneno aliyoandikiwa. Alikuwa pia mhariri wa taarifa ile, mwenye kauli juu ya kinachoingia na kinachoachwa. Mwaka 1996 alitoa kitabu cha maisha yake kiitwacho A Reporter's Life. Watu mashuhuri wengi huandika vitabu ili wajisifu. Huyu aliandika pia yale yaliyomtia wasiwasi juu ya kazi iliyompa jina, na hayo ndiyo yenye faida kwetu.

Tuanze na ujana wake. Katika miaka ya 1930 Cronkite alikuwa kijana katika kituo kidogo cha redio mjini Kansas City. Siku moja mkubwa wake akamjia mbio: mkewe amepiga simu, asema jumba la serikali ya mji lawaka moto, na wazima moto watatu wameruka wakafa. Akamwamuru aitangaze khabari hiyo pale pale. Kijana akanyanyua simu ili awaulize kwanza watu wa zimamoto. Mkubwa akakasirika: uthibitisho gani unaotakiwa zaidi, na mke wangu ameona kwa macho yake? Kijana akashikilia kuuliza, na mkubwa akatangaza mwenyewe. Baadaye ikabainika kuwa moto ulikuwa mdogo, wala hakufa mtu. Lakini aliyefukuzwa kazi si aliyetangaza uwongo. Alifukuzwa yule aliyetaka kuuliza.

Wahenga wetu wamesema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii yamfaa mtu anayejihadhari na jambo lake mwenyewe. Haimfai anayebeba maneno kwenda kwa watu. Mwenye kupasha khabari akiishi kwa methali hii, kila uvumi utakuwa kweli kwake. Wazima moto wale watatu walisemwa, wala hawakuwapo, wala hawakuja. Na kama walikuwako wake na wazee waliosikia redio siku ile huku waume zao na watoto wao wamo katika kazi hiyo, nani atawalipa hofu iliyowaingia?

Sisi wa vyuoni jambo hili si geni kwetu. Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat yaamrisha khabari ichunguzwe kabla watu hawajadhuriwa kwayo, na maimamu wa Hadithi walisafiri miji na miji ili kumjua kila mtu katika silsila ya wapokezi: alikuwa mkweli, hifadhi yake ilikuwa njema, alikutana kweli na yule anayesema kapokea kwake? Cronkite hakusoma elimu hiyo. Alijifunza katika shirika la khabari la United Press, ambalo liliwataka watu wake wawe wepesi na wawe sahihi pia. Lakini mwenye akili timamu akiilinda amana, hufika katika mlango huo huo.

Mtihani wake mkubwa ulimjia tarehe 22 Novemba 1963, Rais John Kennedy alipopigwa risasi mjini Dallas. Ilikuwa saa 7 na dakika 40 mchana kwa saa za New York pale Cronkite alipoanza kutangaza. Kamera za siku zile zilihitaji muda kupata moto kabla ya kutumika, basi dakika za mwanzo watu walisikia sauti tupu bila ya kuona uso. Kabla ya tangazo rasmi zikamfikia taarifa zaidi ya moja kwamba Rais amekwisha kufa, na nyingine zilitoka kwa watu wa kampuni yake wenyewe waliokuwa Dallas. Hakuzificha. Alizitaja, lakini aliwaeleza watazamaji kuwa hizo ni taarifa tu, hazijathibitishwa. Hata saa 8 na dakika 38 ilipofika khabari rasmi, akavua miwani, akaitangaza, akatazama saa ya ukutani, akanyamaza kidogo akijizuia asilie.

Tazameni hapo. Khabari ilikuwa kweli tangu mwanzo, na kama angeitangaza mapema kwa yakini hakuna ambaye angemlaumu. Lakini yeye hakupimwa kwa kuwa khabari ilitokea kuwa kweli; alipimwa kwa yale aliyoyajua wakati ule. Mwenye kusema kwa yakini jambo asilolijua, akapatia, huyo amebahatisha tu. Na mwenye kuzoea kubahatisha, siku yake ya kukosea i njiani.

Jambo la pili ni kutenganisha khabari na rai. Mwanzoni mwa mwaka 1968, baada ya mashambulio makubwa ya sikukuu ya Tet, Cronkite alikwenda Vietnam akaone vita kwa macho yake. Tarehe 27 Februari alitoa kipindi maalumu, na mwishoni mwake akasema vita vile vimekwama, na njia ya busara ni kufanya mapatano. Lakini kabla ya kusema hayo aliwatangazia watu wazi kuwa sasa atakayoyasema ni maoni yake mwenyewe. Wako waliompinga, na haki yao kupinga. Lakini hakuna aliyeweza kusema kuwa amelishwa rai huku akidhani anakula khabari. Ni sawa na muuza maziwa: akitia maji akakwambia, hiari yako kununua au kuacha, akitia maji akanyamaza, amekuibia.

Na hapa pana ajabu moja. Imeenea sana kuwa Rais Lyndon Johnson alikitazama kipindi kile, akasema kwamba akishampoteza Cronkite basi amewapoteza raia wa Marekani. Vitabu vingi vimeisimulia khabari hiyo. Lakini walioichunguza wameonyesha kuwa usiku ule Johnson alikuwa Austin, Texas, katika sherehe ya kuzaliwa kwa gavana John Connally, wala hakuwa mbele ya televisheni kipindi kikitangazwa; na maneno yenyewe husimuliwa kwa namna mbalimbali. Basi hata juu ya mtu aliyesifiwa kwa kuhakikisha khabari, imesimama khabari isiyo na msingi imara, na watu huirudia kwa sababu ni tamu. Utamu wa khabari si ushahidi wake.

Sasa tuje kwenye yale aliyoyasema juu ya televisheni yenyewe, nayo yafaa yasikilizwe kwani mtu hasemi kasoro za shamba lake ila ana yakini. Mwezi wa Septemba 1963 taarifa yake ilirefushwa kutoka dakika 15 kuwa nusu saa. Ukitoa matangazo ya biashara, zabaki dakika kama 22. Cronkite alijizoeza kusema polepole, kadiri ya maneno 124 kwa dakika, ili asikike vizuri. Pigeni hesabu: hata kama angesema peke yake bila kupumua, maneno yote hayafiki 3,000. Mwenyewe alikiri kuwa maneno ya taarifa nzima hayajazi hata ukurasa wa kwanza wa gazeti kubwa. Kwa hiyo aliwaambia watu miaka mingi: msitosheke nami, televisheni yawapa vichwa vya khabari, someni magazeti, someni vitabu. Ni wafanyabiashara wangapi wawezao kumwambia mnunuzi kuwa bidhaa yao peke yake haimtoshi?

Hata maneno yake ya kuagia yalimpa mashaka. Alikuwa akifunga taarifa kwa kusema kuwa hivyo ndivyo mambo yalivyo, kisha hutaja tarehe. Mkubwa wa idara ya khabari, Richard Salant, hakuyapenda, kwani yalikuwa kama kudai kuwa taarifa haina kosa. Cronkite baadaye alikubali kuwa Salant alikuwa na haki, ila ukaidi ndio uliomzuia kuyaacha. Na usiku ule wa rai yake juu ya Vietnam hakuyasema. Aliaga kwa jina lake na usiku mwema.

Wasiwasi wake mkubwa ulikuwa fedha. Katika ujana wa televisheni, alieleza, wenye kampuni waliona khabari kuwa ni huduma na heshima. Faida waliitafuta katika michezo na nyimbo. Kisha khabari nayo ikaonekana yaweza kuleta faida, na kitu kikileta faida hutakiwa kilete zaidi. Mwaka 1986 Laurence Tisch alishika uongozi wa CBS, na mwaka 1987 zaidi ya watu 200 wakapunguzwa katika idara ya khabari. Cronkite, ambaye alikwisha kustaafu, alisikitika. Wapasha khabari wakipunguzwa, jioni haipungui. Nusu saa ni ile ile, na lazima ijazwe. Hujazwa kwa kilicho rahisi: ugomvi, mauaji, mambo ya nyumbani kwa watu maarufu. Watazamaji hucheka na kushangaa, kisha huinuka bila kujua sheria gani imepitishwa na nani atakayeilipia.

Ndugu zetu wazazi, pengine mtasema: mtu huyu wa mbali atuhusu nini? Atuhusu kwa sababu kazi aliyoifanya yeye kwa miaka 19 leo yafanywa na kila mmoja wetu. Simu iliyo mkononi mwa kijana wako ni kituo cha kutangazia. Mama akipeleka kwa jamaa 50 khabari ya dawa au ya mtoto aliyepotea, amekuwa mtangazaji, ila hana mhariri wa kumzuia wala simu ya zimamoto aliyoipiga kwanza. Na yule bwana wa Kansas City aliyesema mke wangu ameona, basi yatosha, amezaa watoto wengi katika makundi yetu ya simu.

Wafundisheni watoto maneno matatu. La kwanza, waulize: nani ameona? Si nani amesema. La pili, wasione haya kusema sijui bado. La tatu, wakitoa rai waseme hii ni rai yangu. Mtoto akiyashika hayo matatu, hata kama hatakuwa mtangazaji wa televisheni, watu watamwamini katika ushahidi, katika biashara na katika ndoa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli wa ndimi na waangalifu wa masikio.

Wabillahi tawfiq.