Jina la Nchi Si Mali ya Kugawa Ovyo

Ndugu wafanyakazi, mwizi wa leo havunji mlango. Husajili anwani ya intaneti inayofanana na ya benki, akakupelekea kwenye simu, nawe ukaandika namba yako ya siri kwa mkono wako mwenyewe. Mshahara wa mwezi umekwenda.

Tutazame Gabon. Anwani za nchi hiyo huishia na herufi .ga. Kwa miaka kadhaa kampuni ya Freenom ya Uholanzi iliachiwa kuzigawa bure, na walaghai wakazikimbilia. Juni 2023 Gabon ilirudisha usimamizi mikononi mwake, ikisaidiwa na shirika la Kifaransa, AFNIC. Majina zaidi ya milioni 7 yakatangazwa kufutwa.

Shirika la ICANN, linaloratibu majina ya intaneti duniani, nalo limeamka. Tangu tarehe 5 Aprili 2024 mikataba yake inawalazimisha wasajili wa majina kuchukua hatua wakipata ushahidi wa ulaghai. Ni jambo jema. Lakini mikataba hiyo haigusi majina ya nchi kama .ga. Hapo mlinzi ni nchi yenyewe.

Kwa hiyo tunadai: serikali zijue nani anasajili jina la nchi, na mlalamikaji ajibiwe upesi. Lakini jina lifungwe kwa ushahidi, si kwa hasira ya mkubwa, isije sauti ya chama cha wafanyakazi ikazimwa kwa kisingizio cha ulaghai. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.