MAONI: Cheni ya miiba haimfanyi mbwa wako kuwa soja

Wewe kijana uliye Nairobi, hebu tusemezane. Umesikia wezi wamevunja stoo ya ndengu ya jirani kule Matinyani, ukajipinda mpaka ukapata pesa za kumnunulia mama mbwa aina ya German Shepherd. Safi kabisa. Lakini kabla hajapanda gari la Kitui, umemvisha cheni nyembamba yenye miiba, ati kwa sababu uliona jamaa fulani TikTok akimvalisha wake. Hapo ndipo tunakosana.

Mbwa wa ulinzi akiona mgeni langoni hujirusha mbele kwa uzito wake wote, na dume aliyekomaa wa aina hiyo hufika kilo 30 hadi 40. Cheni nyembamba inaushusha uzito huo wote kwenye koo. Ile ya kujikaza ni hatari zaidi. Akiachwa nayo peke yake, ikanaswa kwenye seng'enge, atajinyonga. Ya miiba inayoelekea ndani ni kifaa cha mkufunzi anayejua kazi, tena kwa dakika chache tu. Kila mgeni akija na mbwa anachomwa shingoni, ataanza kuamini mgeni ndiye anayemchoma. Halafu mama ndiye atamshika?

Mtafutie mkanda bapa wa ngozi au nailoni, upana wa sentimita 5 hivi, ulioshonwa mara mbili na wenye pete imara ya chuma. Huna hela? Mkanda wa usalama wa gari kuukuu una karibu upana huohuo, na fundi wa viatu mzuri ataushona. Ukimvisha, vidole viwili vipite kati yake na shingo. Kama bado ni mtoto, mwambie mama aukague kila wiki, kwani mbwa hukua na mkanda haukui. Kuna mbwa ambao mkanda umewazamia kwenye nyama, jameni, na mwenyewe anashangaa harufu inatoka wapi.

Cha kufunga mdomo kiwe kile cha umbo la kikapu, ili aweze kuhema na kunywa maji. Mbwa hupunguza joto kwa kuhema. Sasa ukimkaza mdomo kwa kitambaa kwenye jua la Kitui, unamuua.

Mkanda wa umeme achana nao. Wales iliupiga marufuku mwaka wa 2010, na sioni mama akihangaika na rimoti huku ng'ombe wanamngoja.

Kuna watoto wanaopita hapo langoni wakienda kuchota maji. Mbwa wako akikatika na kumng'ata mmoja wao, Kifungu cha 243 cha sheria ya makosa ya jinai Kenya kinamgusa yeyote anayepuuza kuzuia hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Na huko kuna kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Kenya imejipa hadi 2030 kuumaliza. Kwa hivyo cheti cha chanjo kisafiri na mbwa, na chanjo irudiwe kila mwaka.

Ukiona gharama hiyo imekushinda, mnunulie mama kufuli nzito na taa ya sola.