ETI ANADEKA! MAUMIVU HAYAPIMWI KWA MACHO

Kuna neno moja linawamaliza watu taratibu huko Nyanda za Juu Kusini, na halijawahi kuandikwa kwenye cheti chochote cha hospitali. Neno lenyewe ni "anadeka". Linasemwa saluni Mwanjelwa, linasemwa kwenye kikao cha harusi Kihesa, linasemwa na mawifi jikoni. Kibaya zaidi, linasemwa hata na baadhi ya waliovaa koti jeupe, ila wao wana namna yao ya kulifunika: "Vipimo viko safi. Huna tatizo."

Kila mji una MC wake wa kike wa harusi. Mbeya yupo, Iringa yupo, tena si mmoja. Jumamosi usiku yuko mbele ya ukumbi na kiatu kirefu, anapokea maharusi, anawachekesha wakwe, anawainua wazee wa watu wacheze kwaito. Jumatatu huyohuyo amejikunja sakafuni kama jongoo aliyeguswa, chupa ya maji ya moto tumboni, anauma kanga ili wapangaji wenzake wasisikie. Mwezi unaofuata, tarehe zilezile, hadithi ileile.

Siku akishindwa kutokea ukumbini, mji unachemka. Eti ameanza kuringa. Eti kapata mtu wa Dar. Eti kuna kitu katoa. Picha yake ya mwaka jana inafukuliwa, inawekwa pembeni ya picha ya mwaka huu, watu wanahesabu kilo alizopungua utadhani wako mnadani. Hakuna hata mmoja anayeuliza swali la mtu mzima: hivi huyu mtoto wa watu haumwi kweli?

Na hospitali kaenda, msidhani hajaenda. Mara ya kwanza kaambiwa UTI. Kameza dawa, mwezi ukarudi na maumivu yake. Mara ya pili, taifodi. Mara ya tatu vidonda vya tumbo, aache pilipili na maharage. Mara ya nne PID, akaulizwa idadi ya wanaume aliotembea nao huku mlango uko wazi na foleni nzima imetega sikio. Mara ya tano kapigwa utrasaundi, ikatoka safi, ndipo likaja lile jibu la kufungia mjadala: "Una mtoto? Bado? Basi zaa, litaisha."

Zaa, litaisha! Huo si ushauri wa daktari. Huo ni ushauri wa kijiwe cha bodaboda.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, watu milioni 190 hivi duniani kote, wana ugonjwa unaoitwa endometriosisi. Tishu inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba inaota nje yake, inavimba, inaacha makovu, na viungo vya tumboni vinaweza kugandana. Mimba si tiba yake. Wapo wanaopata nafuu wakiwa wajawazito kisha maumivu yakarudi, na wapo wanaohangaika kuipata hiyo mimba kwa sababu ya ugonjwa huohuo. Sasa mtu anayezuiwa na ugonjwa kuzaa, ukimwambia "zaa", umemsaidia nini? Na utrasaundi kutoka safi si ushahidi kwamba hana kitu, kwa sababu mara nyingi haiuoni. Wakati mwingine ni mpaka kamera ndogo iingizwe tumboni kwa upasuaji wa laparoskopi ndipo ukweli ujulikane.

Wadau wa urembo hawana kisingizio cha kusema hawakuwahi kusikia. Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, mwanamitindo aliyefika hadi New York, alijitokeza hadharani akasema ana ugonjwa huu, kwamba maumivu yalimwanza akiwa binti mdogo, na kwamba amepasuliwa zaidi ya mara 10. Akaanzisha taasisi ya kuelimisha wasichana, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Global Good ya BET huko Marekani. Mji mzima ulipiga makofi. Lakini makofi yale yalikuwa ya gauni na zulia jekundu. Ujumbe wenyewe ukaachwa ukumbini pamoja na viti. Binti wa Uyole akilia kwa maumivu yaleyale, bado anaambiwa "kila mwanamke anapitia, jikaze".

Hapana. Si kila mwanamke anapitia hivyo. Tumbo la mwezi linalomlaza mtu siku tatu, linalomkosesha mtihani, linalomtapisha na kumzimisha, si desturi ya wanawake. Ni dalili, na dalili inatafutiwa chanzo.

Wanaume nao wasicheke, zamu yao hii hapa. Yupo dereva wa lori anayeshusha Kitonga na kupandisha Kitonga tangu kiuno chake kikiwa kizima. Leo akifika Ipogolo hashuki, anateremshwa. Amepiga eksirei, kaambiwa mifupa haina shida. Nyumbani kaambiwa "mwanaume mzima unalia kiuno?" Basi amebaki na duka la dawa la pembeni ya barabara: sindano ya diklofenaki leo, kesho vidonge, keshokutwa mchanganyiko usio na jina kwenye kikaratasi cha kaki. Miaka inakwenda. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa hizo zikitumiwa mfululizo bila usimamizi zinaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuharibu figo. Halafu siku figo zikigoma, watu hao hao waliosema anadeka watachanga rambirambi na kusema alikuwa mtu wa watu.

Maumivu ya kiuno si kichekesho cha baa. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa nayo, na ndiyo yanayoongoza kwa kuwafanya watu washindwe kufanya shughuli zao. Tena mara nyingi picha haionyeshi kitu cha kukilaumu. Maumivu yakidumu zaidi ya miezi 3, wataalamu wanayaita sugu, na tangu Januari 2022 orodha ya kimataifa ya magonjwa imeyapa nafasi yake yenyewe. Kengele ya mwili inaweza kuendelea kulia hata moto ukiwa umezimika, kwa sababu mishipa ya fahamu imezoea kulia. Kwa hiyo "eksirei safi" na "huumwi" ni vitu viwili tofauti kabisa. Eksirei inapiga picha ya mfupa. Maumivu hayana picha, yana mdomo tu. Usipomsikiliza mwenye mdomo, umebaki na nini?

Hapa ndipo utetezi unapoanza. "Foleni ni ndefu. Daktari mmoja, wagonjwa kibao." Ni kweli, na asiyeijua foleni hiyo hajawahi kuumwa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya peke yake inategemewa na mikoa 7: Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Iringa, Njombe na Ruvuma. Manesi na madaktari wengi wanafanya kazi ya watu watatu kwa mshahara wa mtu mmoja, na wapo wanaosikiliza mpaka mgonjwa anatoka analia kwa kushukuru. Hao Mungu awazidishie.

Lakini foleni isigeuzwe kichaka. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani walichapisha hesabu iliyowaaibisha wenzao: walikuta daktari anamkatiza mgonjwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18 tu tangu aanze kujieleza. Huko hawakuwa na foleni ya Nyanda za Juu. Kumbe kukatiza si suala la muda peke yake, ni tabia. Na tabia hii ina gharama. Yule MC aliyerudishwa mara tano amekaa kwenye foleni mara tano, amechukua nafasi za wagonjwa wanne, amemaliza dozi nne za dawa za bakteria ambazo pengine hakuzihitaji. Dakika kumi za kumsikiliza siku ya kwanza zingekuwa rahisi kuliko miaka ya kumzungusha. Asiyesikiliza ndiye anayeirefusha foleni anayoilalamikia.

Ukitaka kujua kusikilizwa kuna thamani gani, angalia watu wanakokimbilia. Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania walipanda magari mpaka Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, wakalala barabarani kusubiri kikombe cha shilingi 500. Wasomi waliwacheka. Wangejiuliza kwanza: watu hawa wameshindwa nini huko walikotoka? Kule hakuna aliyeambiwa anadeka. Mpaka leo mganga wa kijijini atakuuliza limeanza lini, usiku unalalaje, nyumbani mnaelewana, bibi yako aliumwa nini. Mchungaji wa maombezi atakushika bega na kukuita jina lako. Dawa zao ni mjadala mwingine, na wapo waliozikwa kwa kuziamini. Lakini maswali yao ni maswali ambayo daktari alifundishwa chuoni kuyauliza! Aliyasoma, akafaulia mtihani, akayaacha getini.

Wengine wanasema bima itamaliza yote. Ni kweli Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na ni jambo jema. Ila kadi inalipia kipimo, inalipia dawa, inalipia kitanda. Sikio hailipii. Mtu anaweza kuwa na kadi inayong'aa na bado akatoka na "vipimo viko safi".

Na kwamba maumivu yanaweza kuchukuliwa kwa uzito hata katika nchi isiyo tajiri, jirani ameonyesha. Uganda, Dokta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, na ilipofika 2004 sheria ya nchi hiyo ikaruhusu manesi na matabibu waliofunzwa maalum kuandika mofini ya kunywa kwa wagonjwa mahututi, wakiwemo wa saratani. Mofini si dawa ya kiuno cha dereva wala tumbo la MC, jamani msielewe vibaya. Hoja ni hii: mtu fulani alikaa akasema maumivu ya mgonjwa ni kazi ya hospitali, si mzigo wa mgonjwa na ndugu zake. Fedha zilikuja baada ya uamuzi huo.

Sasa mgonjwa afanye nini wakati anasubiri dunia ibadilike? Asiende mikono mitupu. Daftari la shilingi mia chache linatosha: tarehe, maumivu yameanza saa ngapi, yako wapi, makali kiasi gani kati ya 0 na 10, yamezuia nini, dawa gani imemezwa na imesaidia au la. Miezi mitatu ya daftari hilo ni ngumu kuipuuza kuliko "dokta, naumwa sana". Aende na mtu, mama mdogo au shangazi asiyeogopa ofisi, maana mgonjwa mwenye shahidi huongewa vizuri. Aulize: "Kama si hiki, inaweza kuwa nini kingine?" Aombe rufaa, na aombe maelezo yaandikwe. Akikataliwa kwa dharau, hospitali zina ofisi za ustawi wa jamii na masanduku ya maoni, na juu yake kuna Baraza la Madaktari Tanganyika. Kulalamika si utovu wa adabu. Shikamoo inabaki palepale, na haki inabaki palepale.

Dereva naye atafute mtaalamu wa mazoezi ya viungo kabla ya sindano ya ishirini. Kiuno sugu kwa kawaida kinataka kutembezwa na kuimarishwa. Kulazwa kitandani wiki nzima hakukisaidii.

Na wale wa kamati za harusi, wa saluni, wa kwenye magrupu ya WhatsApp, kazi yao ni nyepesi kuliko zote: wafunge midomo. Mtu akisema anaumwa, jibu ni "pole, umeshamwona nani?" Basi. Halichukui bando, halihitaji digrii. Wahenga walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wao walikuwa wanazungumzia kunguni tu. Hapa mtu analala na moto tumboni, amka yake ni kupaka wanja, apande jukwaani awachekeshe haohao wanaomsema.

MC huyo hadeki. Anayedeka huonekana analia. Huyu mmemwona anacheka miaka yote, mkaridhika.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Aliyewahi kuambiwa "huna tatizo" huku hawezi kusimama, aseme. Aliyekutana na daktari aliyevuta kiti, akaweka kalamu chini na kusema "hebu nieleze tangu mwanzo", naye aseme, ili wengine wajue wapo.